Kuitoa Seva Kazini Pasipo Kupoteza Hesabu ya Mwanachama

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama wanachama)



Zamani za daftari, hesabu ya mkulima ilikaa mahali pamoja palipoonekana kwa macho. Katibu alilifungua daftari asubuhi, akaandika kilo zilizopita katika mizani, jioni akalifungia kabatini, na ufunguo ukalala mfukoni mwake. Daftari likilowa mvua au likiliwa na mchwa, hasara ilijulikana upesi, na aliyepaswa kujibu alijulikana pia. Siku hizi vyama vingi, hususan vya akiba na mikopo, vimekabidhi hesabu hizo kwa kompyuta. Mahali pa kabati pamechukuliwa na seva, yaani kompyuta isiyolala, ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta za ofisini na simu za wanachama usiku na mchana. Na kwa kuwa seva moja yaweza kuharibika wakati wowote, mifumo iliyojengwa kwa busara huwa na seva kadhaa zinazoishika hesabu ile ile kwa pamoja, kama kundi moja.

Maelezo haya yahusu siku moja tu katika maisha ya kundi hilo. Ni siku ile ambayo fundi anafika na kueleza kwamba diski zimekaribia kujaa, au kumbukumbu ya kufanyia kazi haitoshi, kwa hiyo hana budi kuzizima seva ili aongeze vifaa. Katibu huletewa karatasi aidhinishe. Aghalabu huidhinisha bila swali, kwa kuwa mambo ya kompyuta ni ya fundi. Hapo ndipo penye kosa. Katibu hatakiwi kujua kushika bisibisi, lakini anatakiwa kujua anaruhusu nini, maana hesabu zilizomo si za fundi wala si za katibu, ni za wanachama.

Kundi la seva huendeshwa kwa kanuni ambayo mwanaushirika yeyote ataitambua mara moja, nayo ni akidi. Mkutano mkuu usiotimiza akidi hauwezi kupitisha azimio, hata kama wote waliohudhuria wamekubaliana. Seva nazo ni vivyo hivyo. Utazamwe mfumo uitwao MongoDB, ambao hutumika mahali pengi duniani kuhifadhi kumbukumbu. Kundi lake la kawaida lina seva tatu. Moja ni kiongozi, nayo peke yake ndiyo inayopokea maandishi mapya. Mbili ni wafuasi, nazo hunakili kila kinachoandikwa na kiongozi. Kila baada ya sekunde 2 seva hizo hujuliana hali. Kiongozi akinyamaza kwa sekunde 10, wafuasi huitisha uchaguzi, na yule apataye kura za walio wengi hushika uongozi.

Sasa hilo neno "walio wengi" lina maana yake maalumu. Ni zaidi ya nusu ya kundi zima lililoandikishwa, wala si zaidi ya nusu ya wale waliobaki hai. Katika seva tatu, wengi ni mbili. Fundi akiitoa moja, zimebaki mbili, akidi ipo na kazi inaendelea. Akiitoa ya pili kabla ile ya kwanza haijarudi, imebaki moja. Hiyo moja, hata iwe nzima kabisa na iwe na hesabu yote mpaka senti ya mwisho, itakataa kuandika. Itajiuzulu uongozi na kubaki ya kusomwa tu. Haifanyi hivyo kwa ukaidi. Yenyewe haina njia ya kujua kama wenzake wamezimwa, au kama mtandao umekatika na wao wanaendelea kuandika upande wa pili. Kwa hiyo inachagua kunyamaza, na kwa kweli imechagua vema, kwa maana viongozi wawili wanaoandika kwa wakati mmoja ni balaa kubwa kuliko kutokuwa na kiongozi kabisa.

Kutokana na hesabu hiyo yafuata mambo mawili ambayo kamati nyingi zinaponunua vifaa hazijaelezwa. Kundi la seva mbili halina nafasi ya kutoa hata moja, kwa kuwa wengi wa mbili ni mbili. Na kundi la seva nne haliishindi hata kidogo ile ya tatu katika jambo hili, kwa kuwa wengi wa nne ni tatu, na hivyo laweza kuvumilia kukosekana kwa moja tu. Anayetaka kuvumilia kukosekana kwa mbili anunue tano. Aidha, seva tatu zilizochomekwa katika njia moja ya umeme, au zinazotegemea swichi moja ya mtandao, kwa hesabu ya hatari ni seva moja, hata kama ankara inasema tatu.

Lipo jambo jingine la kuelewa kabla ya kugusa kitu, nalo ni stakabadhi. Mkulima akileta mazao, mpokeaji humpa stakabadhi. Je, seva humpa mwandishi stakabadhi yake wakati gani? Yaweza kuitoa mara tu kiongozi anapoandika, au yaweza kusubiri mpaka walio wengi katika kundi wawe wameandika. Tofauti ni kubwa mno. Kiongozi akitoa stakabadhi peke yake kisha akafa kabla ya kunakiliwa, kiongozi mpya hatakuwa na habari ya mstari ule, na yule wa zamani akirudi atalazimika kuufuta ili afanane na wenzake. Mwanachama ameambiwa amepokelewa, na hesabuni hamna kitu. MongoDB tangu toleo la 5.0, lililotoka mwaka 2021, husubiri walio wengi bila kuagizwa. Matoleo ya kabla yake hayakufanya hivyo mpaka yaagizwe. Katibu amwulize fundi swali hilo kwa maneno hayo hayo: stakabadhi hutolewa baada ya seva ngapi kuandika? Fundi asiyeweza kulijibu bado hajawa tayari kuzima chochote.

Yumkini wapo watakaoona kwamba hofu hii imezidi. Nchini Marekani ipo kampuni iitwayo GitHub, ambayo waandishi wa programu wa dunia nzima huhifadhi kwake kazi zao. Kampuni hiyo ina wataalamu na fedha kuliko chama chochote kinachoweza kufikiriwa hapa. Tarehe 21 Oktoba 2018, saa 4 na dakika 52 usiku kwa saa za Greenwich, mafundi walikuwa katika matengenezo ya kawaida kabisa, yaani kubadilisha kifaa kibovu cha mawasiliano ya nyuzi za mwanga. Kazi hiyo ikakata mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao cha Pwani ya Mashariki na kituo kikuu cha kompyuta cha pwani hiyo hiyo. Mawasiliano yalirudi baada ya sekunde 43. Hata hivyo, kutokana na sekunde hizo, huduma za kampuni ziliyumba kwa saa 24 na dakika 11.

Ilikuwaje? Seva zake za MySQL zilisimamiwa na programu iliyochagua viongozi kwa kura, kama ilivyoelezwa hapo juu. Kituo kikuu kilipopotea, wapiga kura waliokuwa Pwani ya Magharibi, pamoja na wale waliokuwa katika kompyuta za kukodi upande wa Mashariki, walijihesabu wakakuta akidi imetimia. Wakauhamishia uongozi Magharibi, na maandishi mapya yakaanza kupelekwa huko. Kumbe kituo cha Mashariki kilikuwa kimekwisha kupokea maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwahi kunakiliwa Magharibi. Mtandao uliporudi yakawapo madaftari mawili, kila moja likiwa na mistari ambayo jingine halina. Katika kundi mojawapo lenye shughuli nyingi, maandishi ya wakati huo yalihesabiwa 954. Si mengi. Lakini hata angekuwa mwanachama mmoja tu aliyelipa mkopo wake katika sekunde hizo, ni nani angethubutu kumwambia alipe tena?

Kurudisha uongozi Mashariki mara moja kungefuta kazi ya takribani dakika 40 iliyokwisha kuandikwa Magharibi. Kuuacha Magharibi kulifanya huduma iwe nzito mno, kwa sababu programu zilizokuwa Mashariki zililazimika kuvuka nchi nzima kwa kila mstari. Wasimamizi waliamua kwamba usahihi wa kumbukumbu utatangulia wepesi wa huduma. Wakasimamisha baadhi ya kazi kwa makusudi, wakazirejesha seva za Mashariki kutoka katika nakala za akiba, ambazo kwa bahati njema zilikuwa zikichukuliwa kila baada ya saa 4, kisha wakasubiri zinakili yote yaliyoandikwa Magharibi. Kunakili mzigo wa terabaiti kadhaa kulichukua saa nyingi. Wakati huo zaidi ya taarifa milioni 5 zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri kupelekwa kwa wenyewe, na kiasi cha 200,000 kati ya hizo zilipitwa na muda wake zikatupwa. Baadaye kampuni ilieleza hadharani yote yaliyotokea, ikaamua kuiagiza ile programu isiuhamishe tena uongozi kutoka pwani moja hadi nyingine. Ukweli huo wa kusema hadharani ni jambo la kuigwa. Vyombo vingi hupenda kusema tu kwamba palikuwa na "hitilafu ya mtandao".

Basi kazi ianze namna gani?

Kwanza ni kuchagua siku, na hapa hapana haja ya maneno mengi. Isiwe siku ya malipo ya mazao, wala siku ya kufunga hesabu za mwezi, wala jioni ya Ijumaa fundi akiwa na safari. Wanachama watangaziwe kwamba huduma yaweza kusita kwa sekunde au dakika chache.

Kabla ya kuzima, fundi athibitishe kwamba seva zote zilizoandikishwa zi hai, na kwamba wafuasi wanaendana na kiongozi. Mfuasi aliyechelewa kwa saa moja anahesabika katika kura, lakini hawezi kusaidia kitu akiachwa peke yake na kiongozi. Na pale stakabadhi inaposubiri walio wengi, kuiondoa seva nzima na kumwacha aliyechelewa ni kuwafanya wanachama wote wangoje kasi ya yule mchovu. Kama kuna mfuasi anayechelewa, sababu itafutwe kwanza. Kazi ya kuongeza vifaa iahirishwe.

Kisha ichukuliwe nakala ya akiba. Wapo wanaosema kwamba kundi lenye seva tatu halihitaji nakala ya akiba, maana nakala ziko tatu tayari. Hilo si kweli. Wafuasi hunakili kila kitu kwa uaminifu, pamoja na makosa. Mstari uliofutwa kwa bahati mbaya katika kiongozi umefutwa kwa wafuasi kabla mfutaji hajainua mkono. Nakala ya akiba ni ile iliyokaa kando, isiyofuata mtu. Na nakala ambayo haijapata kujaribiwa kurejeshwa bado haijawa nakala, ni tumaini tu.

Kampuni nyingine ya kazi kama hiyo, GitLab, ilijifunza hayo tarehe 31 Januari 2017. Ilikuwa na seva mbili za kumbukumbu, majina yao yakitofautiana kwa tarakimu moja tu. Mfuasi alikuwa ameachwa nyuma na kunakili kukakwama. Usiku, baada ya kazi ndefu, mhandisi aliamua kuisafisha diski ya mfuasi ili anakiliwe upya toka mwanzo. Amri ile akaitoa kwenye kiongozi. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili, akaisimamisha, lakini katika gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakaziendea nakala za akiba. Sanduku lake lilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na la seva, ikawa inashindwa kila siku, na barua za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, saa zipatazo 6 kabla. Yaliyoandikwa baada ya nakala hiyo yalipotea moja kwa moja: miradi ipatayo 5,000, maoni kama hayo, na watumiaji wapya wapatao 700.

Kwa hiyo fundi asiruhusiwe kufanya kazi hii peke yake wala akiwa amechoka. Awepo mtu wa pili, hata kama ni karani asiyejua kompyuta, ambaye kazi yake ni kusoma kwa sauti jina la seva kwenye skrini na namba iliyobandikwa kwenye chuma, na kusema kama zinafanana au la. Seva nyingi zina taa ndogo inayoweza kuwashwa kwa amri ili kuitambulisha ile inayohusika. Iwashwe, na mtu aende aione kwa macho kabla ya waya wowote kuchomolewa.

Seva ya kwanza kutolewa iwe mfuasi, kamwe si kiongozi. Izimwe kwa utaratibu, yaani programu ya kumbukumbu iagizwe kusimama, imalize kuandika iliyokuwa nayo mkononi, ndipo kompyuta yenyewe izimwe. Kuchomoa waya ni kumnyang'anya karani daftari katikati ya neno.

Tangu dakika hiyo saa inahesabu, na kila mfumo una subira yake. Hili ndilo jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau wanapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Katika MongoDB, kiongozi huweka shajara ya mabadiliko, na mfuasi akirudi huisoma kuanzia mahali alipoishia. Lakini shajara hiyo ina ukubwa maalumu. Ikijaa, mistari ya zamani huandikwa juu yake. Isipopangwa vinginevyo hupewa asilimia 5 ya nafasi tupu ya diski, isipungue megabaiti 990 wala isizidi gigabaiti 50. Mfuasi aliyekaa nje kupita kiasi kinachoshikwa na shajara hatakuta ukurasa wake, na itambidi anakili hesabu nzima upya, jambo linaloweza kumchosha kiongozi siku kutwa. Kwa hiyo kabla ya kuzima, ijulikane shajara inashika saa ngapi za kazi. Ikiwa inashika saa 6 na kazi ya vifaa inakisiwa saa 5, ukubwa wake uongezwe kwanza.

Mfumo wa Elasticsearch hauna subira. Seva ikikosekana kwa dakika 1, zilizobaki huanza kujitengenezea nakala mpya badala ya zile zilizoondoka, na mtandao wote huzidiwa kwa kazi isiyo na faida, kwa kuwa seva ile itarudi jioni. Ceph, ambao hugawa mafaili katika diski nyingi, husubiri dakika 10 kisha hufanya vivyo hivyo. Yote miwili ina amri ya kuituliza, kuiambia kwamba mwenzao ametoka kwa ruhusa. Amri hiyo itolewe kabla ya kuzima, na iondolewe kazi ikiisha. Fundi anayesahau kuiondoa ameliacha kundi bila ulinzi, kwa maana siku seva itakapokufa kweli, wenzake watakaa tu wakiamini bado yuko likizo.

Cassandra una tabia ya ajabu zaidi. Humwekea mwenzao aliyetoka maandishi yake kwa muda wa saa 3. Akizidisha saa hizo, hawaendelei kumwekea, na akirudi hapana budi kuendesha kazi maalumu ya kulinganisha seva zote. Akikaa nje zaidi ya siku 10 bila kulinganishwa, linaweza kutokea jambo ambalo mhasibu yeyote litamtia baridi: vilivyofutwa hurudi. Alama za kuonyesha kwamba mstari fulani umefutwa huondolewa baada ya siku hizo 10, na yule aliyekuwa nje bado ana mstari wenyewe, kwa hiyo huwagawia wenzake kama habari mpya. Mwanachama aliyejitoa chamani hujikuta amerudi kitabuni, na mkopo uliofutwa kwa halali unadaiwa upya. Seva iliyokaa nje muda huo isirudishwe kundini. Isafishwe, iingizwe kama mgeni.

Kazi yenyewe ya vifaa, kwa kulinganisha, ni fupi. Seva nyingi zina nyaya mbili za umeme, na zote mbili zichomolewe. Fundi avae mkanda wa kifundoni wa kuondoa umeme tuli, ambao bei yake ni ndogo kuliko kipande chochote atakachokiunguza. Vipande vya kumbukumbu viwe vya aina inayokubaliwa na seva hiyo, na baada ya kuvitia vijaribiwe kwa programu ya majaribio kabla ya seva kurudi kundini. Kumbukumbu mbovu haitangazi ubovu wake, huharibu tarakimu kimyakimya. Siku hiyo hiyo asije akabadilisha na toleo la programu. Kitu kikienda kombo baada ya kubadilisha mawili, hapana ajuaye la kulaumiwa ni lipi. Vipande vya zamani vitunzwe mpaka kundi zima limekwisha kutengenezwa na kufanya kazi kwa siku kadhaa.

Kabla ya kuirudisha, itazamwe saa yake, kwa sababu ubao mkuu ukibadilishwa au betri yake ikichoka, seva huamka ikiamini ni mwaka mwingine. Itazamwe pia anwani yake ya mtandao, hasa kama kadi ya mtandao ni mpya. Wenzake humtambua kwa anwani ile iliyoandikishwa.

Sasa laja lile ambalo haraka huliharibu. Seva imewaka, taa ni za kijani, na fundi anatazama ya pili kwa hamu. Hapana. Seva iliyowaka bado si seva iliyorudi. Kwanza hukaa katika hali ya kujirejesha, ikisoma shajara. Baadaye hutangaza kuwa ni mfuasi. Hata hapo huenda iko nyuma. Ile ya pili isiguswe mpaka hii ya kwanza imemfikia kiongozi na kukaa naye sambamba kwa muda wa kutosha. Na hapo itakuwa nzito kidogo, maana kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni tupu na kila kitu inakifuata diskini. Aghalabu muda huu wa kusubiri ni mrefu kuliko muda wa kufunga vifaa, na karatasi ya ruhusa inayoonyesha seva tatu kwa alasiri moja irudishwe kwa aliyeiandika. Seva moja kwa siku si uzembe.

Mfuasi wa pili hufanywa kama wa kwanza. Kiongozi huja mwisho, naye haangushwi, huombwa kujiuzulu. Katika MongoDB ipo amri ya kazi hiyo. Akiipokea, kiongozi huacha kupokea maandishi mapya, humpa mfuasi sekunde 10 za kumfikia, ndipo hujiuzulu na kujizuia kugombea tena kwa sekunde 60. Mfuasi asipomfikia katika sekunde zile 10, kiongozi hukataa kuondoka, na fundi asimlazimishe, atafute sababu. Mambo yakienda sawa, mwingine huchaguliwa na maandishi yanaendelea. Programu za ofisini zilizoandikwa vizuri hurudia zenyewe mstari uliokwama katika sekunde hizo. Zile zisizoandikwa vizuri humtolea karani ujumbe wa kosa, naye asiurudie mstari kabla ya kutazama kama haukuingia tayari. Malipo mawili ya mtu mmoja hupatikana hivyo.

Baada ya yote, katibu achukue jumla alizoziandika asubuhi kabla ya kazi, yaani idadi ya wanachama, jumla ya akiba, jumla ya mikopo na namba ya stakabadhi ya mwisho, azilinganishe na za jioni, na kila tofauti ielezwe kwa stakabadhi zilizotolewa katikati. Fundi na yule shahidi waandike saa ya kila hatua na watie sahihi. Diski za zamani ziandikwe katika rejista ya mali kwa namba zake, zifungiwe, na zisiuzwe wala kugawiwa mtu kabla ya kufutwa kabisa mbele ya mjumbe wa kamati, kwa kuwa akiba na madeni ya wanachama wote bado yamo ndani yake na yanasomeka.